Rimoti au ufunguo wa kuzungusha? Niliyoyaona na skuta yangu hapa Mombasa

#1 Mkaazi_Tudor

Assalaam aleikum wadau, na wengine wote habari za jioni.

Wiki hii watu watatu wameniuliza swali lilelile: wananunua pikipiki, je, wachukue ile ya rimoti au ile ya ufunguo wa kawaida? Nina skuta ya rimoti mwaka wa pili sasa, na kabla yake niliendesha pikipiki ya ufunguo miaka sita. Jibu nalitoa mapema ili asiye na muda aondoke nalo: ukiishi Mombasa, chukua ufunguo wa chuma wenye chipu ndani. Anayetaka kujua kwa nini, akae kitako.

Naona watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna ufunguo mtupu, chuma chenye meno kinachosukuma vibati vidogo ndani ya swichi mpaka izunguke. Boda zetu nyingi ziko hapo. Kuna ufunguo wa chipu: kwa macho ni uleule, lakini ndani ya kichwa chake cha plastiki mna kitu kidogo kama punje ya mchele. Hiyo chipu haina betri. Ukizungusha swichi, koili iliyolizunguka tundu huipa umeme kidogo bila waya, chipu inataja namba yake, na kompyuta ya injini ikiitambua ndipo inaruhusu injini kushika. Honda huuita mfumo wao HISS. Ukichongesha chuma peke yake bila chipu, swichi itazunguka na taa zitawaka, lakini injini haitakubali.

Halafu kuna rimoti. Hapa hakuna tundu, kuna kitufe au kirungu cha kuzungusha. Ukikibonyeza, pikipiki inaita kwa mawimbi ya masafa ya chini, mara nyingi kilohazi 125, yanayofika mita moja au mbili tu. Rimoti iliyo mfukoni ikisikia, inaamka na kujibu kwa masafa ya juu, kama megahazi 433. Jibu likiwa sahihi, swichi inafunguka. Kawasaki waliweka mfumo wa namna hiyo kwenye 1400GTR ya 2008, Ducati kwenye Multistrada 1200 ya 2010, Yamaha kwenye TMAX ya 2017, Honda kwenye Gold Wing ya 2018. Zilikuwa pikipiki za watu wenye pesa. Sasa umeteremka hadi kwenye skuta ndogo kama PCX na NMAX, ndiyo maana tunaanza kukutana nao huku kwetu.

Sasa nije kwa lililonipata kwenye feri. Nilikuwa nimelala kwa dada yangu Likoni, asubuhi saa moja narudi kisiwani kazini. Nimezima injini, nimebanwa katikati ya boda zaidi ya ishirini, magari nyuma yangu. Feri ikagusa upande wa kisiwani, mlango ukashuka, boda zote zikanguruma kwa pamoja. Nabonyeza kitufe, kimya. Nabonyeza tena, dashibodi inapepesa mara moja na kuzima. Wanaoijua feri ya asubuhi wanajua hapo hakuna nafasi ya kufikiri: watu wa miguu wanakupita ubavuni, gari la nyuma linapiga honi, mfanyakazi wa feri anakupigia kelele utoke. Vijana wawili wa boda walishuka kwenye pikipiki zao, wakanisukuma mpaka juu ya ule mlima wa kutokea. Mungu awalipe, hata majina yao sikuyapata.

Jambo moja liliniokoa: sikuwa nimefunga loki ya usukani. Kwenye skuta yangu loki hiyo nayo hufunguliwa kwa rimoti ileile. Ningekuwa nimeifunga kwa mazoea, ingebidi watu wanyanyue skuta yenye zaidi ya kilo 130 mbele ya feri nzima.

Juu kule nilibandika rimoti pembeni kabisa ya kitufe, ikashika mara ya nne. Usiku nikaifungua. Ndani mna betri ya sarafu, CR2032, volti 3, upana milimita 20. Betri ilikuwa imechoka, hilo nililitarajia. Nisilolitarajia ni ule ulimi wa bati unaoigusa: ulikuwa umeota unga, kijani huku na mweupe huku, kama ule unaouona kwenye kichwa cha betri ya gari iliyoachwa. Rimoti hukaa mfuko wa suruali siku nzima, na joto la Mombasa mwezi wa pili linajulikana. Jasho lilikuwa limeingia. Niliusugua ulimi kwa kifutio cha penseli, nikapangusa kwa pamba yenye spiriti, nikaacha rimoti wazi ikauke, nikatia betri mpya ya shilingi 100. Haijanisumbua tena. Na dalili nilikuwa nimezipata wiki mbili kabla: kuna nyakati ilikuwa lazima niitoe mfukoni ndipo ikubali. Nilidhani ni simu iliyokuwa mfuko mmoja nayo. Kweli simu huweza kuivuruga, vitabu vya maelekezo husema msiziweke pamoja, lakini siku hiyo ilikuwa betri.

La pili ndilo lililonifanya nifungue uzi huu. Rafiki yangu anakaa Mji wa Kale, si mbali na Fort Jesus. Vichochoro vya kule mnavijua, mkokoteni ukipita watu hubana migongo ukutani. Skuta yake huilaza nje, ubavuni mwa baraza. Akiingia ndani hutundika rimoti kwenye msumari nyuma ya mlango, pale ambapo marehemu baba yake alikuwa akitundika funguo za nyumba. Kutoka kwenye msumari mpaka kwenye kitufe cha skuta ni kama mita moja na nusu, na mlango wa mbao hauzuii mawimbi. Jioni moja kijana wa jirani alikaa juu ya skuta akicheza, akabonyeza, dashibodi ikawaka yote. Yaani kila usiku skuta ile ililala wazi, na mwenyewe akiamini ameifunga. Ufunguo wa chuma ukiutundika kwenye msumari uleule, uko msumarini tu.

Watengenezaji wengi hufikiria mtu mwenye gereji au maegesho, nyumba iko kule na pikipiki iko huku. Mji wa Kale hauko hivyo. Majengo hayako hivyo, wala Likoni. Kwetu pikipiki hulala chini ya dirisha, na wengine huilaza ukumbini.

Kuna wanaoogopa wizi wa mawimbi, kwamba mtu mmoja anasimama karibu na rimoti yako na kifaa, mwenzake karibu na pikipiki na kingine, wanarefusha ule wito mpaka pikipiki idhani uko hapo. Si uzushi. Watafiti wa chuo kikuu cha ETH Zurich walionyesha hilo mwaka 2011 kwa magari 10 ya watengenezaji 8, na pikipiki za rimoti hufuata mtindo uleule. Lakini mwizi wa pikipiki ninayemjua mimi hapa hana vifaa hivyo. Huvunja loki ya usukani kwa nguvu na kusukuma, au huinyanyua na kuitia kwenye pikapu. Kwa huyo, rimoti na ufunguo ni mamoja. Kinachomzuia ni mnyororo mnene uliofungwa kwenye nguzo.

Siutetei ufunguo kwa upofu. Pikipiki yangu ya zamani ilikuwa ikilala inaelekea Tudor Creek, upepo wa kusi unaleta unyevu wa chumvi usiku kucha. Mwaka wa nne tundu likaanza kuwa zito. Nikawa natikisatikisa. Asubuhi moja nina haraka nikaubana ufunguo kwa koleo, nikausikia unalainika mkononi kama kijiko kinachopindwa, halafu kichwa kikabaki kwenye koleo na meno yakabaki ndani. Swichi nzima ikabidi ibadilishwe. Kwa hiyo chumvi yetu haichagui. Lakini tundu hukuonya miezi kwa miezi, mkono unahisi. Rimoti yangu ilinionya wiki mbili, na sikuielewa.

Waliotumia zote mbili naomba maoni, hasa wa boda.


#2 BodaLikoni

Kaka shukran kwa uzi. Mie niko steji miaka tisa, nitasema la kwetu.

Kwa siku nawasha na kuzima hata mara hamsini. Tundu la ufunguo linaliwa, meno yanaliwa, mpaka ufunguo unatoka wenyewe injini ikiwa inakwenda. Steji kwetu kulikuwa na pikipiki mbili, funguo zilikuwa zimelika mpaka kila mmoja akawasha ya mwenzake. Kwa hivyo ukiniambia ufunguo mtupu ni usalama, hapana. Hapo tuko pamoja kwamba chipu ni bora.

Lakini rimoti kwa boda sioni ikifaa, na sababu yangu si betri. Pikipiki yangu mchana ni mimi, usiku ni mwenzangu. Tunapeana ufunguo mkononi, basi. Rimoti nikisahau kumpa, yeye anaondoka vizuri kwa sababu nimesimama hapo karibu, injini iko moto. Akifika Ng'ombeni akazima, amekwama na abiria. Na rimoti iko kwangu Mtongwe.

La mwisho: ukiporwa usiku, jambazi anataka pikipiki na kilicho mfukoni. Ufunguo uko kwenye swichi, anachukua, anakwenda. Rimoti iko mfukoni, itabidi akupekue. Mie nataka aondoke haraka.


#3 Binti_Nyali

Nawasalimu nyote. Mimi naendesha skuta ya rimoti kutoka Nyali kwenda kazini mjini kila siku na siirudii ile ya ufunguo, kwa hiyo niruhusuni nipinge.

Navaa buibui na mkoba begani. Enzi za ufunguo nilikuwa nasimama kwenye mvua ya masika natafuta ufunguo chini ya mkoba, mkono mmoja umeshika kofia ngumu, na watu wanaangalia. Kwa mwanamke anayetoka kazini saa mbili usiku, zile sekunde thelathini za kusimama umeinama pembeni ya pikipiki si salama. Sasa nafika, nakaa, naondoka. Hilo kwangu lina uzito kuliko kutu ya betri, maana betri naibadilisha kila Ramadhani inapokaribia, hata kama haijaisha.

Ila alilosema kaka wa Likoni ni kweli tupu, limenipata. Mume wangu alinishusha Kongowea, rimoti iko ndani ya mkoba wangu. Yeye akaendelea mpaka Bamburi. Skuta haikuzimika njiani, ilionyesha taa tu, naye hakuitambua. Alipozima dukani ndipo akanipigia simu, na mimi niko katikati ya soko nimebeba maembe. Nilichukua tuktuk kumpelekea. Tangu siku hiyo tumekubaliana: anayeendesha ndiye anayebeba, hata kama ni dakika mbili.

Mkaazi_Tudor, kwa rafiki yako wa Mji wa Kale: aangalie kama rimoti yake ina kitufe cha kuizimisha. Yangu inacho. Ukikibonyeza kwa muda inalala kabisa, haimjibu mtu. Mimi huizimisha nikiingia ndani, kama mtu anavyozima jiko.


#4 fundi_swichi

Niko mjini, kazi yangu swichi na funguo za pikipiki na magari. Nitajibu kwa nilivyoviona mezani.

Kwanza tundu zito. Msitie mafuta ya injini, na kuna walionijia wametia mafuta ya kupikia. Yanalainisha siku tatu, halafu yanashika vumbi na chumvi yanakuwa uji. Tia unga wa grafiti. Ukikosa, chukua penseli nyeusi laini, paka meno ya ufunguo pande zote mbili mpaka yang'ae, ingiza na kutoa mara kumi. Fanya hivyo kila mwezi kama unakaa karibu na maji. Na pikipiki yenye kile kifuniko kidogo cha kuziba tundu, kitumieni. Kipo pale kwa kazi.

Pili, ufunguo wa chipu una mtego wake. Unapopewa funguo mbili, chongesha wa tatu siku hiyohiyo, kwa sababu kusajili chipu mpya kwa kawaida kunahitaji uwe na ufunguo mmoja unaokubaliwa tayari. Yamaha nyingi zenye imobilaiza, yaani ule mfumo wa chipu unaozuia injini, huja na funguo tatu, mbili nyeusi na mmoja mwekundu. Ule mwekundu si wa kuendeshea, ni wa kusajili nyingine. Nimeona mtu anautumia kila siku kwa sababu rangi imempendeza. Ukipotea huo, huwezi kusajili ufunguo mpya mpaka ubadilishe vifaa vya bei. Uwekeni pamoja na logbook.

Tatu, rimoti. Kila kampuni ina mlango wake wa dharura, na wateja wangu wengi hawaujui wa pikipiki yao. Harley-Davidson unaingiza tarakimu za siri kwa vitufe vya indiketa. BMW unaisogeza rimoti kwenye antena ya akiba iliyofichwa kwenye mwili wa pikipiki. Skuta za Honda zina kibati chenye namba ya utambulisho, unaiingiza kwa kubonyeza. Hicho kibati watu hukiacha kimening'inia pamoja na rimoti, kwa hiyo vinapotea vyote viwili. Piga picha ya namba, weka mahali pengine.


#5 Mgeni_Mtwapa

Fundi, na mtu akipoteza rimoti zote mbili? Nauliza kwa sababu niliyonunua ya mkono wa pili nilipewa moja tu.


#6 fundi_swichi

Nenda usajili ya pili kabla ya kitu kingine chochote, hata kabla ya kubadilisha tairi. Ukiwa na moja ni kazi ya kawaida, gharama kubwa ni rimoti yenyewe. Ukikosa zote, na huna namba, mara nyingi ni kubadilisha kompyuta ya rimoti nzima, na wakati mwingine loki ya usukani pamoja nayo. Na aliyekuuzia muulize ya pili iko wapi. Kama iko kwa mtu, huyo mtu anaweza kuiwasha pikipiki yako. Kwa fundi mwenye mashine, rimoti isiyokuwepo mezani inaweza kufutwa kwenye orodha. Omba ifutwe.


#7 Mkaazi_Tudor

Fundi, hilo la kufuta orodha ni zito, na naomba kila aliyenunua skuta ya mkono wa pili alisome mara mbili. Nami nilipewa rimoti moja. Nilipouliza ya pili dukani nilitajiwa bei iliyozidi mshahara wangu wa wiki mbili, nikaacha. Sitaacha tena.

Dada wa Nyali, hoja yako ya usiku sina la kuipinga. Sikuifikiria kwa sababu sijawahi kusimama hivyo na kuogopa. Kwa mtu wa hali yako nakubali rimoti ina haki yake, madhali unabadilisha betri kwa kalenda kama unavyofanya. Kwa boda na kwa anayelaza pikipiki mlangoni nabaki pale pale, ufunguo wa chipu. Na kwa anayekwenda mbali, Lamu au Taita, vilevile: betri kubwa ya pikipiki ikifa, mwenye ufunguo bado anafungua kiti na loki kwa mkono, akasukuma, akatafuta msaada. Mwenye rimoti aangalie leo, kabla ya safari, ule ufunguo mdogo wa dharura uko wapi na kama unaingia. Wangu ulikuwa haujawahi kutoka kwenye ala yake, niliutoa jana kwa bisibisi.


#8 BodaLikoni

Na wale waliokusukuma feri, ulivaa jaketi la buluu? Skuta nyeupe?


#9 Mkaazi_Tudor

Ndiyo kaka. Ni wewe?


#10 BodaLikoni

Si mie, ni wa steji yetu. Alilisimulia siku hiyohiyo. Nitamfikishia salamu.


#11 Mkaazi_Tudor

Mwambie namtafuta, nina deni lake la chai. Ijumaa nikitoka msikitini nitavuka nije stejini.

Narudi na taarifa ya Mji wa Kale. Jana baada ya Alasiri nilikwenda kwa rafiki yangu tukajaribu, yeye ndani na mimi nje kwenye skuta. Rimoti msumarini: inawaka. Rimoti kwenye meza ya ukumbini: inawaka, lakini mpaka ubonyeze mara mbili. Akaanza kupanda ngazi, kila hatua tunajaribu. Ngazi ya kwanza mpaka ya tatu inawaka, ya nne inasita, ya tano kimya. Yake haina kile kitufe cha kuizimisha, tulikitafuta kwa miwani. Mama yake akaleta mkebe wa bati wa biskuti. Tuliuweka palepale chini ya msumari: kifuniko kikiwa wazi, skuta inawaka, kifuniko kikibanwa, haiwaki hata ubonyeze mara kumi. Msumari ameung'oa, na tundu lake akaliziba kwa chokaa. Mkebe sasa unakaa juu, chumba cha mama.